Nchi ya Milango Isiyo na Nyumba

Watu wa kwetu walicheka niliporudi kutoka Ungojani na kuwaambia kwamba kule mtu hununua mlango kwanza, nyumba baadaye. Wakacheka zaidi niliposema mlango huo huweza kukaa miaka ishirini umeegemezwa ukutani kwenye chumba cha kupanga, ukipanguswa vumbi kila Ijumaa. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili sikucheka.

Nitaeleza nilivyoona, bila kutia chumvi. Chumvi iliyokuwamo inatosha.

Ungojani, nyumba inayouzwa haina mlango. Mwenye kuuza hung'oa wake pamoja na fremu, akaondoka nao, na nyumba hubaki mdomo wazi barabarani ikingojea mwingine. Anayetaka kununua lazima afike na mlango wake, kwani mtu asiye na mlango, wanasema, anataka nyumba kama mtoto anavyotaka mwezi. Kwa hiyo kila anayejitambua ana mlango. Watu wakikutana safarini hawaulizani kabila, wanaulizana mti: wako mninga au mkongo? Jua likitoka baada ya masika utaona mtaa mzima wametoa milango nje, wanaipaka mafuta, wanaigusa gusa bawaba kama mtu anayemkagua mtoto masikio. Hakuna hata mmoja kati ya milango hiyo uliowahi kumzuia mwizi.

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Sikudhani, mshonaji wa magodoro, mjane, pamoja na binti yake Tausi wa miaka kumi na minne. Mlango wao ulikuwa wa mninga, ubao mmoja mzima, na pete ya shaba. Ulichukua robo ya chumba. Kwenye fremu yake, upande wa kulia, palikuwa na mistari iliyochorwa kwa kisu, mmoja juu ya mwingine, kumi kwa hesabu. Mwenye nyumba alikuwa amekataza kuchora ukutani, kwa hiyo kimo cha Tausi kilipimwa mlangoni.

“Huu wa chini kabisa ni wa lini?” nilimwuliza mama yake.

“Siku aliyotoka hospitali. Alikuwa na miaka mitano.”

Nyuma ya Bi Sikudhani, hatua kumi, alikuwapo kila siku mtu mrefu mwenye kikoi na kigoda cha kukunja, jina lake Machano. Bibi alipokwenda sokoni, Machano alikwenda. Alipokwenda msibani, Machano alikwenda, akavua viatu kama wengine. Na kila walipofika penye watu, alisimama akapiga mbiu:

“Huyu ni Sikudhani! Mwanawe aliugua! Haijalipwa!”

Kisha alikaa kwenye kigoda chake akapewa chai na huyohuyo Sikudhani, kwa sababu miaka mitano ni mingi, na mtu akikufuata miaka mitano unajua anapenda sukari ngapi.

“Machano, leo umechelewa,” nilimsikia bibi akimwambia asubuhi moja. “Nimefika kisimani bila mtu wa kunitangaza, nikajiona uchi.”

“Nilikuwa na kifua, Bi Sikudhani. Sikulala.”

“Umekwenda kutibiwa?”

“Nitibiwe mie nina wazimu? Halafu atakayenifuata mie nani?”

Walicheka wote wawili. Mimi sikuona cha kuchekesha, nikadai nielezwe, na nilielezwa.

Tausi alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitali siku kumi na moja. Mama yake hakuwa mtu wa kukurupuka, alikuwa mwanachama wa Chama cha Kuuguzana na alikuwa amechangia miaka sita bila kukosa mwezi, ili siku kama hiyo ikifika chama kilipe. Chama kilisema hospitali haikuleta karatasi. Hospitali ilisema imeleta. Pande mbili ziliandikiana barua za heshima kubwa, “kwa unyenyekevu tunarejelea yenu”, na karatasi ikapatikana mwaka wa tano chini ya birika la chai la ofisi ya chama. Lakini Ungojani maradhi yasiyolipiwa ndani ya miaka minne hupelekwa mnadani. Homa ya Tausi ilikuwa imeshauzwa, na chama kikasema hakina mkataba na wanunuzi wa homa.

Nilikwenda kuuona mnada huo. Hufanyika Jumanne, nyuma ya hospitali, na huuza kwa mafungu: mafua makali ishirini, miguu iliyovunjika minane, uzazi wa kisu mara tatu. Nilimwuliza dalali kama mnunuzi wa homa huugua.

“Bwana mgeni,” aliniambia kwa upole, “anayenunua homa hapati homa. Anapata jina la mtu.”

Ile ya Tausi ilinunuliwa kwa bei ya mikungu miwili ya ndizi. Mama yake akadaiwa bei ya ng'ombe wawili. Tangu siku hiyo Machano akaajiriwa kumfuata.

Nilimwuliza Machano jambo moja lililonikereketa. “Mbona husemi kwamba mtoto alipona? Unasema aliugua, basi. Mtu akisikia atadhani alikufa.”

Alifikiri huku akikoroga chai. “Halimo kwenye mbiu, kaka. Mbiu naletewa imeandikwa.”

Sasa nieleze kilichokuwa kinangojewa, maana ndicho kisa chenyewe.

Penye kona ya mashine ya kusaga palikuwa na nyumba ya Bi Makungu: vyumba viwili, ukumbi, jiko lenye dirisha la kuelekea mawio, na mkomamanga uani. Bi Makungu alikuwa amezeeka, anahamia kwa mwanawe, na mlango wake alikwishaung'oa. Alimpenda Bi Sikudhani. Alimwambia hivi mbele yangu: “Nitakungoja mpaka mvua ya kwanza, mwanangu. Mvua ikinyesha nyumba isiyo na mlango inaingia maji, nami sitakuwa na la kufanya, nitampa yeyote mwenye kizingiti mkononi.”

Kizingiti ni hati. Hutolewa na Jumba la Majina, na bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kutundika mlango wake popote. Juu ya lango la jumba hilo pamechongwa sheria yao kuu: ALIYE NA SAUTI NYUMA YAKE HANA KIZINGITI MBELE YAKE.

Kila jioni baada ya kazi, Bi Sikudhani alikwenda kuketi kwenye jiwe mkabala na nyumba ile. Hakuingia. Aliitazama tu, nyumba mdomo wazi, na yeye mdomo umefungwa. Siku moja nilikwenda naye, nikaanza maneno yangu. Nilimwambia kwamba huu ni unyang'anyi ulioandikwa kwa mwandiko mzuri, kwamba wapangaji wote wa ua wetu wakikataa kwa pamoja kufuatwa, wapiga mbiu watakosa kazi kwa mwezi mmoja. Nilisema mengi na nilisema vizuri.

“Kaka,” alinijibu bila kuondoa macho pale, “wewe unataka haki. Mimi nataka dirisha la jikoni.”

Nikaketi kando yake kwenye jiwe.

“Nataka kupiga msumari ukutani bila kumwomba mtu,” akasema. “Msumari mmoja tu. Nautundikia hata chujio. Nikiamka usiku nisikie mvua juu ya bati langu, nijue linapovuja ni pangu. Miaka kumi na moja nina mlango, kaka. Naufahamu kuliko nilivyomfahamu marehemu. Sijawahi kuufunga.”

Nilisoma kwa kuokoteza, magazeti ya kufungia vitumbua yakiwa darasa langu, na nimejifunza kujibu waheshimiwa. Kumjibu mtu anayetamani msumari sikujifunza. Tena nina langu. Mama yangu alifia mkekani, siku nane, sisi tumemzunguka kimya kama tumemwagiwa maji, kwa sababu alikataa kupelekwa hospitali tusije tukauza kiwanja. Kiwanja tunacho mpaka leo. Siku tuliyomzika niliapa sitanyamaza tena mbele ya mtu mwenye muhuri. Nina kumbukumbu ndefu, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni sifa.

Bi Sikudhani aliamua kulipa. Alichukua sehemu ya akiba ya nyumba, akauza na cherehani ya pili, akampelekea mnunuzi bei ya ng'ombe wawili, akapewa risiti yenye mihuri mitatu. Asubuhi iliyofuata alitoka na kitambaa kipya kichwani. Machano alikuwapo, hatua kumi.

“Huyu ni Sikudhani! Mwanawe aliugua! Imelipwa!”

Aligeuka. “Machano. Si nimemaliza?”

“Umemaliza, na hongera sana, nimefurahi mpaka nyumbani wameniuliza kuna nini.” Alionekana kweli amefurahi. “Sasa naitangaza imelipwa. Miaka saba.”

“Ya nini?”

“Watu wajue umelipa.”

“Usingewaambia nilidaiwa, wangehitaji kujua nimelipa?”

Machano alitazama chini. “Hilo, Bi Sikudhani, waulize walioziba masikio. Na pamba wamenunua kwako.”

Hapo alikuwa anamtania, lakini lilikuwa kweli. Kila mwezi Jumba la Majina lilituma mtu kwa Bi Sikudhani kununua furushi la pamba safi, iliyochambuliwa, isiyo na mbegu. Nilikwenda kujua ni ya nini. Mpimaji Mkuu alinipokea vyema, akanipa kibao na chaki niandike maswali yangu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamejazwa pamba mpaka imechungulia nje.

Alinieleza kwa kunong'ona. Wote mle ndani hunong'ona. Sijapata kusikia maneno mazito yakisemwa kwa sauti nyepesi namna ile. Zamani, alisema, wapimaji walisikiliza kwa masikio. Wakahongwa kwa machozi. Wajane walieleza, wakaaminiwa, vilema walieleza, wakaaminiwa, ikawa fujo. Ndipo wahenga wao wakagundua kwamba sikio huhongeka, ngozi haihongeki. Wakawamba ngoma. Juu ya ngoma humwagwa punje za mtama. Mwombaji husimama mbele, anayemfuata hupiga mbiu nyuma yake, ngozi hutikisika, punje huruka. Zinazoanguka chini zikizidi saba, hakuna kizingiti. Ngoma zenyewe ni tatu, kila moja imewambwa na fundi wake, hazijawahi kutoa hesabu moja, kwa hiyo huchukuliwa ya katikati.

Niliandika: *Aliyelipa na asiyelipa, punje zao zinatofautiana?*

“Maneno yanatofautiana,” akanong'ona. “Ngozi haijui maneno.”

*Basi aliyelipa amepata nini?*

“Amepata risiti.”

Niliandika kwamba risiti basi isomwe. Alisikitika. Akaniambia hoja ya kutoa pamba imekwisha kusomwa barazani mara kumi na nne, na kila mara wajumbe wote walisimama, wakapiga makofi, wakapitisha zulia jipya la ukumbi.

Hata hivyo palikuwa na tundu dogo, na Bi Sikudhani alilijua kuliko mimi. Sheria ilimtaka Machano apige mbiu “kwa sauti ya mtu amwitaye jirani.” Haikusema jirani yuko umbali gani. Walifanya mazoezi uani, Machano akiita kwa sauti ya kumwita jirani wa kitanda kimoja, Tausi akiwa ameweka mtama juu ya sinia. Punje tano. Wakati mwingine sita. Ilitosha.

“Kaka,” Bi Sikudhani aliniambia siku ya kupimwa, tukiwa tumekwisha kuubeba mlango, mawingu yamefunga, “nakuomba kitu kimoja. Umekuwa mwema kwetu. Leo usiseme.”

“Sitasema.”

“Hata akisema nini.”

“Nimekuelewa, dada.”

Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na mlango wake mgongoni. Mbele yetu alikuwa mwanamume wa makamo, Bwana Ngwali, fundi wa sufuria. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa akimtazama Tausi sana, mpaka nikaanza kuudhika, kisha akamwuliza kwa adabu:

“Binti, una miaka mingapi?”

“Kumi na minne.”

“Wangu angekuwa na kumi na mitatu.” Akakohoa kidogo. “Shingo ilikaza, hivi. Na wewe?”

“Na mimi ilikaza,” Tausi akasema.

“Sisi tulingoja ipungue,” alisema Bwana Ngwali, akaushika mlango wake vizuri, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.

Alisimama mbele ya ngoma. Nyuma yake kimya. Hakuna punje iliyojongea. Mpimaji Mkuu alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa shuka jeupe, akagonga muhuri. “Jina safi,” akanong'ona. Bwana Ngwali alisema, “Safi, ndiyo,” akachukua hati yake akatoka, wala hakuitazama.

Tukaingia. Bi Sikudhani alisimama wima, mikono pembeni. Mimi na Tausi tulishika mlango nyuma yake, Machano hatua kumi. Akajikunja, akaita kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto ambaye hataki kumwamsha:

“Huyu ni Sikudhani. Mwanawe aliugua. Imelipwa.”

Punje zikaruka, zikatulia. Moja ikaanguka. Tatu. Tano. Nyingine iliviringika mpaka ukingoni, ikasimama. Niliona mabega ya yule mama yakishuka, kama mzigo umeondolewa na mtu asiyeonekana. Mpimaji Mkuu akachukua muhuri. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda kushauri, akauzuia hewani akanong'ona:

“Tano, hesabu ya katikati. Umepona chupuchupu, bibi. Mtoto akiugua tena, mwige huyu bwana aliyekutangulia. Wake, kama alivyoandika kwenye ombi lake, alipata maradhi hayohayo, hakukimbilia hospitali. Umeona jina lake lilivyo.”

“Mwanawe amekufa.”

Nilidhani nimeyawaza. Punje ndizo zilizoniambia kwamba nimeyasema, na kwamba sikuyasema kwa sauti ndogo. Na mdomo ukishafunguka miaka yote hutaka kutoka kwa pamoja. “Mwanawe amekufa, na huyu yuko hai hapa, na wewe unamsifu nani? Unamsifu nani, mzee?” Mkekani, siku nane, niliona yote. Mtama ulikuwa unaruka kama mvua inayotoka ardhini. Machano, maskini, alinirukia kuniziba mdomo, akawa anapiga kelele kuliko mimi: “Nyamaza, kaka! Amelipa, jamani! Amelipa huyu!”

Mpimaji Mkuu hakusikia hata neno. Alitazama sakafu, akahesabu kwa subira, akahesabu tena ili asimdhulumu mtu. Arobaini na moja. Akaurudisha muhuri ndani ya sanduku lake.

“Inasikitisha,” akanong'ona. “Alikuwa na sauti moja nyuma yake. Leo zimekuwa mbili. Miaka saba, bibi.”

Bi Sikudhani aligeuka akanitazama. Sikuona hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira.

“Nilikuambia,” alisema.

Tuliubeba mlango kurudi. Tulipofika kona ya mashine ya kusaga matone ya kwanza yakaanza, makubwa, yenye harufu ya vumbi. Bi Makungu alikuwa amesimama ukumbini kwake na Bwana Ngwali. Alimwona Bi Sikudhani, akaweka mkono kifuani, kisha akautoa akauelekeza juu, mawinguni. Bwana Ngwali alikuwa na nyundo. Alipiga msumari mmoja, akasita. Akatazama kile chumba cha pili kama mtu anayejiuliza ni cha nini. Akapiga mwingine.

Tulitua mlango wetu penye jiwe, mkabala. Tausi aligusa ule mstari wa chini kabisa kwenye fremu.

“Mama. Kama ungeyajua yote haya siku ile, ungenipeleka?”

Misumari ng'ambo ilipigwa mitatu zaidi. Kisha Bi Sikudhani akatuambia mimi na Machano, “Usimamisheni.”

Tukausimamisha mlango palepale kwenye udongo, Machano fremu ya kushoto, mimi ya kulia, mvua inatupiga. Akaufungua. Akapita upande wa pili, ambako hapakuwa na ukuta, hapakuwa na bati, palikuwa na jiwe lake na majani. Akaufunga. Nilisikia kitasa kikiingia mahali pake, taratibu, kwa mara ya kwanza.

Tausi alitutazama. Machano akamwashiria kwa kidevu. Binti akaishika pete ya shaba, akagonga.

“Hodi.”

“Nani?” sauti ikauliza kutoka ndani.

“Mimi, mama.”

“Mimi nani?”

Mtoto alifikiri, mvua inamtiririka usoni, na akajibu kwa maneno pekee aliyozoea kusikia akitajwa nayo tangu utoto wake. “Tausi. Mwana wa Sikudhani. Niliyeugua.”

“Ukafanyaje?”

Machano, mwenye kulipwa kuita, aliinamisha kichwa juu ya fremu.

“Nikapona,” Tausi akasema.

“Haya, karibu,” mama yake akasema, na akaufungua mlango.